Ira Aldridge: Mtu mweusi aliyemchukua Othello akaenda naye hadi Urusi

Kwetu huku pwani neno tanzia tukilisikia redioni tunanyamaza na kutega sikio kujua ni nani aliyetangulia mbele ya haki. Wanafasihi wamelichukua neno hilo hilo wakaliita jina la mchezo wa jukwaani unaoanza na watu wazima, wenye vyeo na heshima zao, ukamalizika kwa maiti. Wagiriki waliuanza mchezo wa namna hiyo zaidi ya miaka 2,400 iliyopita kwa akina Aeschylus, Sophocles na Euripides, na Waingereza wakaupeleka mbali zaidi kwa mkono wa Shakespeare. Waandishi wake wanasifiwa kila siku, lakini waigizaji husahaulika upesi kwa kuwa kazi yao hufa taa zikizimwa. Leo nataka nimzungumze mmoja wao, Ira Aldridge, ambaye najua wengi wetu hatukufundishwa habari zake hata pale tulipobebeshwa Shakespeare darasani kama mzigo wa makuti.

Alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807. Babake, Daniel Aldridge, aliuza majani makavu ya kujazia magodoro na siku ya ibada akahubiri kanisani. Mamake aliitwa Luranah. Walikuwa watu weusi walio huru katika mji ambao utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa kabisa (ulikomeshwa pale mwaka 1827), na kwa hiyo uhuru wao ulikuwa wa kupimwa kwa kijiko. Kijana alipelekwa African Free School, skuli iliyoanzishwa 1787 na jumuiya ya watu waliopinga utumwa. Babake alitaka awe mhubiri kama yeye. Kijana akawa anatorokea jumba la michezo, anapanda juu kabisa kwenye viti vya watu weusi, na kutazama kutoka huko.

Kuna habari moja ya New York ya wakati ule ambayo naipenda mno. Mwaka 1821 mtu mmoja mweusi aitwaye William Brown, aliyewahi kufanya kazi ya kuhudumia abiria melini, alifungua jumba la michezo ya watu weusi. Sisi wa Mombasa tunawajua watu wa aina hiyo: mjomba aliyepanda meli ujanani, akaona miji ya watu, akarudi na gramafoni na mambo mapya kichwani. Brown alirudi na mambo ya tamthilia. Waigizaji wake, James Hewlett akiwa mbele yao, walicheza Richard III na Othello mbele ya watu weusi waliovaa nguo zao za kutokea. Wazungu nao wakaja kutazama, wengine kwa nia ya kufanya fujo, hata Brown akalazimika kuwatengea sehemu ya nyuma na kuwatangazia kwamba hawajui adabu za kukaa na watu. Hebu fikiria, mwaka 1821!

Haikudumu. Brown alipothubutu kuhamia karibu na jumba kubwa la wazungu, polisi walipanda jukwaani katikati ya mchezo wakawakamata waigizaji na mavazi yao ya kifalme. Waliachiliwa baada ya kuahidi kwamba hawatamcheza Shakespeare tena. Baadaye genge la watu wa sarakasi lilivamia ukumbi likavunja kila kitu. Kwa wale watu, kosa halikuwa mtu mweusi kupanda jukwaani, maana walifurahi sana kumwona akicheza mjinga au akicheza ngoma. Kosa lilikuwa kucheza mfalme.

Ira alikuwa bado kijana mdogo mambo hayo yakitokea, na alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuigiza katika kundi lile. Akaelewa kwamba Marekani hapana kazi kwa mtu kama yeye. Mwaka 1824 alipata nafasi ya kumtumikia safarini mwigizaji mmoja wa Kiingereza, James Wallack, wakavuka bahari hadi Liverpool. Hakurudi tena maishani mwake.

London alifika akiwa na miaka 17. Mei 1825 alipanda jukwaa dogo la mashariki ya mji akamcheza Othello, na ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza anayejulikana kumcheza Othello katika Uingereza. Kwa msomaji ambaye hakuwahi kuupitia mchezo huu: Othello ni amiri jeshi mweusi anayewapigania watu wa Venisi, anamuoa Desdemona, binti wa mzungu mkubwa, bila idhini ya babake. Afisa wake Iago, mwenye husuda iliyomkaa moyoni, anamtia fitna mpaka aamini kuwa mkewe anamsaliti, na ushahidi mzima ni kitambaa kimoja kilichopotea. Ni leso hasa, kwa maana ya asili ya neno hilo tulilolitoa kwa Wareno, kabla hatujaligeuza kuwa vazi la mama zetu. Othello anamnyonga mkewe, anagundua ukweli, anajiua. Shakespeare aliuandika wakati London imetoka kumpokea balozi wa Sultani wa Moroko, aliyekaa pale miezi kadhaa mwaka 1600 na kilemba chake, na wako wataalamu wanaodhani kwamba sura ya balozi yule haikuwa mbali na mawazo ya mwandishi. Basi kwa zaidi ya miaka 200 mtu huyu mweusi alikuwa akichezwa na wazungu waliojipaka masizi. Ira hakuhitaji masizi.

Oktoba mwaka ule ule alipata jukwaa kubwa zaidi, Royal Coburg, ambalo leo huitwa Old Vic. Alicheza nafasi ya Oroonoko, mwana wa mfalme wa Afrika aliyeuzwa utumwani akaongoza uasi. Watazamaji walimshangilia, lakini gazeti la The Times likaandika kwamba kwa umbo la midomo yake haiwezekani atamke Kiingereza sawasawa. Mhakiki hakusema kuwa alitamka vibaya neno fulani. Alisema haiwezekani! Mtu akishaamua kuwa huwezi, hata ukifanya mbele ya macho yake hataona.

Novemba mwaka huo akamuoa Margaret Gill, Mwingereza wa Yorkshire aliyemzidi umri. Waliishi pamoja karibu miaka 40 mpaka Margaret alipofariki 1864. Sitaki kumfanya walii: alikuwa na wanawake wengine, akazaa nje ya ndoa, na mwanawe wa kwanza, Ira Daniel, alilelewa na Margaret ingawa hakuwa wa tumbo lake. Subira ya mama yule haiandikwi sana na waandishi wa maisha ya waigizaji.

Kwa kuwa milango mikubwa ya London ilikuwa imefungwa, alikwenda mikoani: Scotland, Ireland, miji ya viwanda ya kaskazini, mji baada ya mji, usiku baada ya usiku. Matangazo yalimwita Roscius wa Afrika. Roscius alikuwa mwigizaji maarufu wa Roma ya kale, naye alizaliwa mtumwa, kwa hiyo jina lilikaa. Lakini jina halikutosha kuuza tikiti, ikabidi na nasaba itengenezwe. Kikatungwa kisa kwamba babu yake alikuwa mtawala wa Wafula huko Senegal, akauawa katika vita, na babake akapelekwa Marekani kusomeshwa dini. Hadithi nzuri, ila si kweli. Mtaalamu Bernth Lindfors, aliyetumia miaka mingi kufukua habari za Aldridge na kuziandika katika vitabu vinne, ameonyesha wazi kwamba huyu ni mtoto wa New York, mtoto wa muuza majani.

Nasema hivi nikijua ninaandika kwa watu wa wapi. Sisi ni mabingwa wa mambo hayo. Wangapi katika mitaa yetu wana shajara iliyofungwa kwenye fremu, inayopanda na kupanda mpaka Shiraz au Hadhramaut, na ukiuliza bibi mzaa bibi aliyepikia nyumba ile wali alitoka wapi, unaambiwa unywe kahawa yako? Ira alitunga nasaba kwa sababu wateja wake wasingemlipa mwana wa mchuuzi acheze mfalme. Sisi tulitunga kwa sababu gani? Namuachia kila mtu na mzee wake.

Mwaka 1828, akiwa hajafikisha miaka 21, alipewa jumba la michezo la mji wa Coventry aliendeshe kwa miezi michache. Mtu mweusi kuwa msimamizi wa jumba la michezo Uingereza lilikuwa jambo jipya kabisa. Alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya watu mchezo ukisha, siku ya kuaga mji, akazungumza nao juu ya utumwa, na pengine akapiga gitaa na kuimba. Baada ya kukaa nao, watu wa Coventry walipeleka ombi bungeni wakitaka utumwa ukomeshwe. Miaka hiyo hiyo, tusisahau, Seyyid Said alikuwa anaigeuza Unguja kuwa shamba la karafuu, na majahazi yaliyopita mbele ya bandari zetu hayakubeba chumvi peke yake. Utumwa katika pwani hii ya Kenya ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907, miaka 40 baada ya Aldridge kuzikwa.

Sasa niingie katika ule mwaka 1833, maana ndio uti wa mgongo wa maisha yake. Mwigizaji mkubwa kuliko wote wa tanzia Uingereza wakati ule alikuwa Edmund Kean. Tarehe 25 Machi 1833, katika jumba la Covent Garden, Kean alikuwa anamcheza Othello huku mwanawe Charles akimcheza Iago. Katikati ya mchezo alianguka mikononi mwa mwanawe, akatolewa, asirudi jukwaani tena, na Mei akafa. Jumba likabaki bila Othello. Msimamizi wake, Mfaransa Pierre Laporte, akamwita Aldridge.

Na fikiria wakati wenyewe. Bunge lilikuwa linabishana juu ya sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni. Wenye mashamba ya miwa ya Karibi walikuwa wamejaa London, wana pesa na wana magazeti. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mweusi ana akili ya mtoto, hawezi kujitawala. Halafu katika jumba linaloheshimika kuliko yote, anapanda kijana mweusi wa miaka 25, anatamka mashairi magumu ya Shakespeare kwa muda wa saa tatu, na watu wanalia. Hoja za kitabu kizima zinabomoka bila mtu kubishana.

Magazeti mengine yalianza kumtukana kabla hata hajacheza. Aprili 10 akapanda, na mwenzake katika nafasi ya Desdemona alikuwa Ellen Tree, mwigizaji aliyependwa sana. Waliokuwa ukumbini walimpokea vizuri. Gazeti la Athenaeum lilikasirika, na lililolikera zaidi ni kuona bibi wa kizungu akishikwashikwa na mtu mweusi mbele ya watu. Wakati Kean alipomshika kwa mikono iliyopakwa rangi, hapakuwa na neno. Baada ya usiku wa pili maonyesho yalikatishwa. Kulikuwa pia na homa ya mafua iliyoenea mjini, na jumba lenyewe lilikuwa na shida zake za fedha, kwa hiyo sitasema ni magazeti peke yake yaliyomtoa. Hata hivyo Covent Garden haikumwita tena. Agosti mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa, ikatenga pauni milioni 20 za kuwalipa fidia waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakulipwa hata senti.

Angeweza kuvunjika moyo. Alirudi mikoani akazunguka kwa karibu miaka 20 mingine. Kazi ile ilimpa kitu ambacho majumba ya London yasingempa: akawa bingwa wa kila nafasi. Kwa kuwa watu wa mji mmoja hawawezi kutazama Othello kila siku, alijifunza Macbeth, Shylock, Richard III na King Lear, akijipaka rangi nyeupe na kuvaa nywele za bandia. Yaani ile desturi ya wazungu kujipaka masizi, yeye aliipindua juu chini. Na tanzia ikisha, usiku ule ule angeweza kumcheza Mungo, mtumishi mweusi mchekeshaji katika mchezo mfupi, watu wakaondoka wakishangaa kama ni mtu yule yule. Wako wanaomlaumu kwa Mungo. Mimi simlaumu, maana mtu anakula kwanza, na nadhani alijua kuwa aliyecheka na Mungo baada ya kumlilia Othello hakwenda nyumbani na mawazo aliyokuja nayo.

Mwaka 1852 akavuka kwenda bara la Ulaya, na huko ndiko dunia ilikomfungukia. Ubelgiji, Ujerumani, Austria, Hungari, Uswisi, Poland. Hakujua lugha zao. Yeye aliigiza kwa Kiingereza, wenzake wakamjibu kwa Kijerumani au lugha yao nyingine, na watazamaji walifuata uso wake na sauti yake. Atakayedhani kuwa haiwezekani, akumbuke tulivyokuwa tunajaza sinema za Kihindi Mombasa tukilia na kucheka na neno moja hatulielewi. Mfalme wa Prussia alimpa nishani ya dhahabu ya sanaa. Mtawala wa Saxe-Meiningen alimtunuku cheo cha heshima mwaka 1858. Yule aliyeambiwa midomo yake haifai sasa alikuwa anakaribishwa na wafalme.

Mwisho wa mwaka 1858 alifika St Petersburg. Mwandishi wa Kifaransa Théophile Gautier alikuwa huko akaenda kumtazama, akitarajia kuona nguvu za mwituni na makelele. Alikiri kuwa alikuta mtu mtulivu, mwenye adabu ya jukwaa na mwendo wa kifalme. Nafurahi alikiri, ila angalieni alichokuwa amekwenda kukitafuta.

Urusi ya wakati ule ilikuwa na mamilioni ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana, wakiuzwa na kununuliwa pamoja na mashamba. Waliachiwa huru 1861. Katika mji ule alikuwapo mshairi na mchoraji wa Ukraine, Taras Shevchenko, ambaye alizaliwa katika hali hiyo ya umilikiwa, akanunuliwa uhuru wake mwaka 1838 na marafiki, kisha akapelekwa uhamishoni jeshini miaka kumi kwa sababu ya mashairi yake. Alikuwa ametoka tu kifungoni. Watu hawa wawili walikutana nyumbani kwa Fyodor Tolstoy, kigogo wa chuo cha sanaa, wakapendana papo hapo. Hapakuwa na lugha kati yao. Binti za Tolstoy ndio waliokuwa wakitafsiri, mmoja anaeleza maisha ya utumwa wa weusi Marekani, mwingine anaeleza maisha ya wakulima wa Ukraine, na wote wawili, walioandika habari zao wanasema, machozi yaliwatoka. Shevchenko akamchora. Picha ile ipo mpaka leo katika jumba la Tretyakov huko Moscow: uso mpana, macho yametulia, yanatazama mbele.

Alirudi Urusi mara kadhaa, akaenda hata miji ya mbali ambayo Shakespeare hakuwahi kufika. Mwaka 1863 akawa raia wa Uingereza. Mwaka 1865, Margaret akiwa ameshafariki, alimuoa Amanda von Brandt, mwimbaji wa Sweden ambaye tayari alikuwa amezaa naye, na mwaka huo huo London ikamkubali kwa heshima alipomcheza Othello katika jumba la Haymarket. Imemchukua miaka 40 kupata makofi hayo.

Marekani ilikuwa imemaliza vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe na utumwa umefutwa. Mazungumzo yalikuwa yanaendelea ya kumrudisha New York, mji uliowakamata wenzake kwa kosa la kucheza mfalme. Alikuwa kazini Poland, mji wa Łódź, safari hiyo ikiwa bado inapangwa, alipougua. Alifariki tarehe 7 Agosti 1867 akiwa na miaka 60, akazikwa pale pale, ugenini, katika makaburi ya Waprotestanti.

Binti yake Amanda alikuwa na mwaka mmoja tu babake alipofariki. Alikua akawa mwimbaji na mwalimu wa sauti London, akaishi mpaka 1956. Mwaka 1930 Mmarekani mweusi Paul Robeson alipokuwa anajitayarisha kumcheza Othello London, mbele ya Desdemona wa kizungu, Peggy Ashcroft, alikwenda kwa bibi huyu kufundishwa namna ya kuyatamka mashairi yale. Robeson ndiye yule yule ambaye miaka michache baadaye alijiandikisha London kusoma lugha za Afrika, Kiswahili chetu kikiwamo. Mwaka 1943 alimpeleka Othello Broadway, New York, na watu wakapanga foleni kununua tikiti. Kaburi la Aldridge bado liko Łódź, na watu wa mji huo wanalitunza.